Tuta la Theluji Langoni

"Juni?" Maren aliweka kijiko mezani. "Alden, tulisema harusi ni Januari."

"Juni kuna jua. Wageni watafika bila kukwama."

"Wageni gani? Wewe huna ndugu hata mmoja. Kwetu tuko wawili tu, mimi na Tilda."

Alden Halvorsen alikunja kitambaa chake pembe kwa pembe, kama alivyofunzwa katika shule ya bweni iliyomlea tangu utotoni. Alifundisha kwaya katika shule ya sanaa ya Duluth, shule ya umma inayojiendesha kwa mkataba maalumu, isiyotoza ada wala kutoa mtihani wa kuingia. Kiti cha mwanafunzi hupatikana kwa kura inayochezeshwa hadharani kila Februari. Mtoto wa mwalimu, hata wa kambo, hapigiwi kura. Huingia moja kwa moja.

Tilda, binti wa Maren, alipiga fidla, na shule yake ilikuwa imefuta somo la muziki. Jina lake lilikuwa kwenye kura hiyo.

"Nani kakujaza maneno?" Maren akauliza.

"Hakuna."

Alidanganya. Asubuhi ile Verna, karani wa shule, alikuwa amemtania mbele ya walimu: "Hongera, Mwalimu! Maren kapata mume na kiti kwa mpigo mmoja. Mwanamke ana hesabu huyo!" Wote walicheka, isipokuwa yeye.

"Unanipima," Maren alisema taratibu. "Unataka kuona kama nitabaki bila kiti."

"Nataka jambo letu liwe safi."

"Lilichafuka lini?"

Maren alivaa koti lake la kazi, akauweka ufunguo wa nyumba ya Alden kando ya sahani.

"Haya, Mwalimu. Baki na usafi wako."

Maren aliendesha gari la manispaa la kusukuma theluji, na mtaa wa Alden ulikuwa katika zamu yake. Gari lile husafisha barabara, kisha humwachia kila mwenye nyumba tuta la theluji langoni. Tangu wapendane, langoni kwa Alden hapakuwa na tuta. Maren alikuwa akirudi nyuma na kulisukuma kando.

Theluji iliyofuata ilimwachia tuta la kufika magotini. Alilichimba peke yake, akaingia ndani, akapakua supu ya mchele wa porini katika bakuli mbili, kisha akairudisha moja sufuriani.

Aliandika ujumbe: "Tilda hajambo?"

Jibu lilikuja jioni: "Anafanya mazoezi bafuni. Anasema mle sauti inajibu."

Baada ya hapo simu ilinyamaza hadi Februari.

Siku ya kura ukumbi ulijaa. Vijipira vyenye namba vilitolewa kimoja kimoja mpaka viti vikaisha, na namba ya Tilda haikutajwa. Alden, akiwa safu ya walimu, alimwona mtoto akiinama kufunga zipu ya koti lake, polepole mno, ili asiinue uso.

"Pole, Mwalimu," Verna alinong'ona. "Sasa Maren harudi tena."

"Nyamaza, Verna."

"Jamani, natania tu!"

"Hata siku ile ulitania. Mimi ndiye niliyeamini."

Usiku ule theluji ilianguka kwa wingi. Alfajiri Alden alitoka na koleo lake, akasimama ameduwaa. Malango yote ya mtaa yalikuwa yamezibwa; lake lilikuwa wazi. Gari lilikuwa likigeuza mwisho wa barabara. Alikimbia na viatu vya ndani, akasimama mbele yake.

"We Mwalimu!" Maren alipaza sauti dirishani. "Toka barabarani, nitakuzika!"

"Umesafisha langoni kwangu."

"Mkono uliteleza."

"Na kwa majirani haukuteleza?"

Maren alizima injini.

"Jana mwanangu kakosa mbele ya watu wote. Leo huna kiti cha kunipa, na bado nimerudi nyuma kwa ajili ya theluji yako. Umeona ulichotaka kuona?"

"Nimeona, na nimeaibika. Nisamehe, Maren."

"Umemnyima mtoto mwaka mzima."

"Najua."

"Na mwakani Verna akianza tena maneno yake?"

"Nitamwandikisha Tilda mimi mwenyewe, kama mwanangu, Verna akitazama. Ukinikubali."

Maren akavua glavu, akatoa ufunguo na kumrushia.

"Huu ni wa kwangu. Tilda yuko peke yake hadi nitoke zamu. Kamwombe radhi yeye kwanza. Mimi jibu langu umelikuta langoni."

Alitembea hadi kwa Maren. Nje ya mlango alisikia fidla kutoka bafuni, ikiuliza na kujijibu yenyewe. Ufunguo alikuwa nao, lakini alibisha.

Fidla ikanyamaza.

"Nani?"

"Ni mimi, Alden. Nimekuja kukuomba radhi."

Mlango ukafunguka, na Tilda, fidla kwapani, akamtazama miguuni.

"Umelowa," akasema. "Vua viatu kwanza."