Sindano Isiyongoja Roleksi

Siku ile mjinga alikuwa Bonny, na hata leo ukimuuliza hakatai, ila atainamisha kichwa kwanza.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mtaa wa Bukoto, Kampala. Bonny alikuwa nje akipiga viatu vya shule rangi, kama kila Jumamosi. Jirani yao, Mama Séraphine, muuza vitenge kutoka Bukavu, alimwita binti yake Reine akamnunulie roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Mama huyu ana kisukari, na hujidunga insulini kabla ya kula.

"Reine? Konokono huyu?" Bonny akadakia. "Atarudi Krismasi! Nitume mimi, Mama Reine."

"Haya, nakuamini. Najidunga sasa hivi, kwa hiyo usichelewe."

Kwenye kibanda cha chapati, muuzaji Taban alimfungia roleksi ya moto, kisha akarudia mchezo wake wa ludo na vijana wa bodaboda. Taban alikuwa anashindwa vibaya, na Bonny hajui kunyamaza mtu akishindwa. Akaketi, akatania, akashangilia.

"Wewe, si umetumwa?" Taban akamuuliza.

"Tulia, bwana! Ni ya mtu anayejidunga insulini, na insulini ni homoni. Mama yangu anameza vidonge vya homoni ya tezi ya shingo, na vilichukua wiki nyingi kufanya kazi. Homoni hazina haraka."

Roleksi ikapoa. Mara Reine akatokea mbio, miguu mitupu. "Bonny! Mama anatetemeka, jasho linamtoka, ananiita jina la bibi!"

Walipofika, Lamunu, mama yake Bonny, muuguzi wa zahanati ya polisi, alikuwa amepiga magoti akimnywesha Mama Séraphine maji ya sukari. Bonny akasimama mlangoni na roleksi yake baridi. Hakuna aliyemtazama. Alitamani hata atukanwe.

Mikono ya Mama Séraphine ilipotulia, akala. Ndipo Bonny akanong'ona, "Nilidhani itakawia, kama vidonge vyako, mama."

"Sikiliza," Lamunu akasema. "Kila homoni ina kipokezi chake kwenye seli, mahali inapopokelewa. Kipokezi cha insulini kiko nje, kwenye utando wa seli. Insulini haihitaji kuingia. Ikishika pale tu, seli zinaanza kuvuta sukari kutoka kwenye damu. Ni dakika chache! Chakula kisipofika, damu inabaki na sukari kidogo mno, na ubongo unakosa nguvu."

"Na yako?"

"Yangu huingia mpaka ndani, kwenye kiini cha seli. Kipokezi chake kiko huko. Kutoka hapo seli huanza kutengeneza vitu vipya, na kazi hiyo ni ya siku na wiki." Akamgeukia jirani. "Nawe, Mama Reine, siku nyingine chakula kiwe mezani kwanza, ndipo sindano." Kisha akamrudia mwanawe. "Usichokijua, uliza. Na ukitumwa, fika kwanza, mchezo baadaye. Leo tungemzika mtu kwa sababu ya ludo."

Machozi yalimlenga Bonny, lakini mdomo wake ukakataa kushindwa. "Lakini zote mbili si zinaitwa homoni?"

Mama Séraphine akafuta vidole kwa kitenge chake.

"Hata wewe na Reine, wote mnaitwa watoto," akasema. "Kesho namtuma konokono."