Uso Ambao Mkwe Hakuujua

Alasiri ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1973, huko Geita, Coletha aligeuka kufunga dirisha, na aliporejesha macho kitandani mumewe hakuwapo. Akapepesa. Yupo, amelala vilevile, shuka halijakunjamana. Chumba kilinuka udongo mbichi wa shimoni.

Mumewe, Pantaleo, alikuwa ametolewa siku ya Jumatatu kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, lililomfukia tangu Ijumaa.

Mganga Mageni akaitwa. Aliwaamuru wote wafumbe macho, naye akafumba, akapapasa kitanda: kitupu. Akafumbua: mtu yupo.

"Huyu bado si wenu, wala si wa jini," alinong'ona. "Aliyeguswa na jini wa shimo hana umbo, huwa kile akijuacho anayemtazama. Mtazameni siku saba, usiku na mchana, bila kukatisha; zikitimia, atabaki vile alivyotazamwa. Asipotazamwa, amekwenda."

Wakapokezana, Coletha na wifi yake Bernadina.

"Hata alipokuchumbia hukumkodolea hivi, wifi," Bernadina alitania siku ya kwanza.

Siku ya sita homa ilimwangusha Bernadina, naye Coletha akakesha peke yake, akijifinya mapaja asisinzie.

Jumatano tarehe 21, saa nne asubuhi, mama yake, Nyamizi, aliwasili kutoka Ushirombo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekwisha hivi?"

"Mama, nakusihi. Mtazame mkweo mpaka alasiri tu. Nikifumba macho, nimempoteza."

Nyamizi akarudi nyuma, khanga usoni. "Mkwe hatazamwi, Coletha! Wanitakia laana?"

"Laana itaondolewa, mama. Mume wangu nitampata wapi?"

Bibi yule akashusha khanga, akatazama. Coletha akaanguka mkekani kama gunia.

Alipozinduka jua lilikuwa limeinama, na mama yake alikuwa angali amekaa palepale, machozi yakimchuruzika, akinong'ona, "Haki ya Mungu, mwanangu, sikupepesa hata mara moja". Na Coletha, akiogopa kuinua macho, akaanza kutazama kutoka chini, akaiona miguu ya Pantaleo, kidole gumba chenye ukucha uliopasuka, kovu la sururu kwenye kifundo, akapanda taratibu hadi magotini, kifuani, shingoni, na juu ya shingo akaona ngozi tupu, nyororo, isiyo na jicho wala pua wala mdomo, kwa kuwa kwa miaka tisa Nyamizi alimwamkia mkwewe akiwa ameinamisha kichwa, naye hakupata kumjua ila miguu na sauti.

Coletha akafumba macho, akapapasa. Miguu ipo, ina joto. Siku saba zilikuwa zimetimia, na kilichotazamwa kilikuwa kimekaa.

"Mama Justina," sauti ya Pantaleo ikamwambia mkewe, ya upole kama zamani, "nina kiu. Nipe maji."

Coletha akachota kikombe, akapiga magoti kando ya kitanda, akakiinua, na mkono ukabaki hewani, asijue pa kumimina.