Mizinga Mitatu ya Riverdale

Jumamosi, tarehe 13 Februari 1999, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Dunstan Kipkemboi aliinama nyuma ya nyumba yake ya Riverdale Park, Maryland, Marekani, akatega sikio kwenye mzinga wa kwanza na kuugonga kwa kidole. Mzinga wenye uhai hujibu. Ukiugonga wakati wa baridi, nyuki waliojikusanya ndani huvuma kidogo, kisha hunyamaza. Huu haukujibu. Wa pili kimya. Wa tatu kimya. Wa nne tu, ulio karibu na uzio wa jirani, ndio uliovuma.

Alichana karatasi ya lami aliyoizungushia mizinga kuikinga na upepo, akafungua kifuniko. Nyuki walikuwa wamekufa kwa maelfu, vichwa vimezama ndani ya vijumba vya nta, mikia nje. Asali hakuna. Fremu za pembeni, zile mbao zinazoshika masega, ambazo mwezi Oktoba zilikuwa nzito kama matofali, sasa zilikuwa mbao tupu. Dunstan, mwanamume wa futi sita ambaye kazi yake hospitalini ni kuinua wagonjwa, alikaa chini kwenye matope akalia.

Alipomaliza kulia akakasirika, na hapo ndipo alipoharibu mambo. Alimpigia simu Vuai, rafiki yake, dereva wa teksi katika mji wa jirani wa Alexandria, akamwita mwizi. Kisha akawapigia polisi. Wakamwambia afisa angepita saa tisa mchana kuandika maelezo, naye akampigia tena Vuai kumtangazia.

Saa tano na nusu Vuai alimpigia mwanamke aitwaye Sikujua.

Sikujua alikuwa sajini wa polisi Tabora kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuja Marekani kuegesha magari ya wageni wa hoteli. Waswahili wa Alexandria bado walimwita Sajini, naye alijifanya hapendi.

"Bi Sikujua, mie nimekwisha, polisi wanakuja kwa Dunstan saa tisa," Vuai alisema. "Jumanne nna intavyuu ya makaratasi. Miaka sita nnaingoja. Nikiandikwa polisi, hata kama sina kosa, hawa watanambia rudi ulikotoka. Na Fatma na watoto je?"

"Umeiba?"

"Wallahi sijagusa!"

"Basi kaa nyumbani. Usimpigie Dunstan. Usiende popote."

Sikujua alikuwa na saa tatu na nusu kabla ya polisi kufika, na gari lake lilikuwa Corolla yenye kikohozi.

Alifika saa sita na robo. Dunstan alikuwa uani, macho mekundu, amesimama mbele ya mizinga yake kama mtu anayelinda maiti.

"Dada Sikujua, kama amekutuma uniombe nimsamehe, rudi tu."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kuuliza. Mara ya mwisho kujua mizinga ina asali ni lini?"

"Tarehe 25 Oktoba. Mimi na Vuai tuliiinua yote tukapima uzito. Ilikuwa sawa kabisa. Kule kwenye klabu ya wafugaji walinifundisha, mzinga usipokuwa na asali ya kutosha, hautoboi mpaka Machi. Huku hakuna ua hata moja miezi minne."

"Na hii karatasi ya lami?"

"Niliizungusha tarehe 6 Desemba, Jumapili, bila kuinua vifuniko, nikaipiga pini. Hakuna aliyeigusa mpaka leo. Nime-check."

Sikujua aliandika kwenye kijitabu chake. Wizi ulikuwa kati ya tarehe 25 Oktoba na tarehe 6 Desemba.

"Kwa nini Vuai?"

"Mwezi wa kumi na moja aliniomba fremu mbili za futari ya Ramadhani. Nikamkatalia. Tukarushiana maneno mabaya. Na mke wangu, Chepkoech, alimwona hapa uani. Aliniambia leo asubuhi nilipoingia nikipiga kelele."

"Siku gani?"

"Sikumwuliza, nilikuwa nimepandwa na hasira. Amefanya kazi ya nait, amelala tena. Muulize akiamka."

"Nani mwingine alikuwa akiingia hapa?"

"Nani aingie? Mimi niko kazini. Mama mkwe alikuwepo, alitoka Baringo kuja kumtunza mtoto, nikampeleka uwanja wa ndege wa Dulles tarehe 29 Novemba. Halafu kuna huyo Peterson." Alielekeza kidevu kwenye uzio. "Anasema nyuki wangu wanamchafulia gari. Ana kopo la dawa ya wadudu kwenye gereji yake. Nimeliona kwa macho yangu."

Sikujua alipiga magoti. Hewa ilikuwa kali na vidole vilianza kufa ganzi, lakini hakuharakisha. Nyuki waliouawa kwa sumu huanguka nje mlangoni, wakijikunja na ndimi zimetoka. Hawa walikufa wakichimba chumba kilicho kitupu kutafuta tone la mwisho. Ni njaa iliyowaua. Tuhuma juu ya Peterson na kopo lake ikaanza kupungua uzito.

Kisha akainua fremu moja tupu, akaigeuza kwenye mwanga. Haikuwa tupu kabisa. Juu, chini ya ubao, sega la upana wa vidole viwili lilikuwa limeachwa, limekatwa kwa kisu, limenyooka. Akainua ya pili. Vidole viwili. Fremu kumi na nane katika mizinga mitatu, zote vidole viwili.

Alikuwa amewaona warina asali wa Tabora wakifanya hivyo maisha yake yote. Mwizi mwenye haraka hubeba fremu nzima. Anayeacha kipande juu anawaachia nyuki mahali pa kuanzia, kwa sababu anaamini watajenga tena. Vuai alizaliwa Mjini Unguja, katikati ya maduka, na asali aliijua ikiwa kwenye chupa.

Saa saba na nusu aligonga kwa Peterson. Mzee yule alifungua mlango nusu.

"Sijagusa nyuki wa mtu," alisema kabla hajaulizwa.

"Najua. Wamekufa kwa njaa. Nataka kujua kama uliona mtu akiifungua mizinga kabla ya Krismasi."

Peterson alilegea kidogo. "Mtu sikumwona, uzio ni mrefu. Niliona moshi. Ijumaa, siku moja baada ya sikukuu ya Thanksgiving, mwezi Novemba. Nilikuwa kwenye ngazi nafunga taa za Krismasi. Saa saba mchana hivi. Nikadhani ni Dunstan, nikashuka nikafunga madirisha."

"Umemwambia yeyote?"

"Nani ananiuliza mimi kitu? Wewe ndiye wa kwanza."

Ijumaa, tarehe 27 Novemba. Saa ilikuwa inakaribia nane. Sikujua aliomba simu ya Peterson, akaongea na Fatma, mke wa Vuai, kwa dakika mbili, akarudi kwa Dunstan karibu akikimbia.

Chepkoech alikuwa ameamka. Alikaa jikoni akimnyonyesha Jelagat, binti wa miezi minne, na Dunstan alisimama mlangoni.

"Pole na usingizi, Mama Jelagat," Sikujua alisema. "Swali moja tu, niondoke. Ulimwona Vuai lini?"

"Ile Ijumaa ya baada ya Thanksgiving." Chepkoech hakuinua macho. "Saa saba hivi mchana. Nilikuwa dirishani."

"Una hakika?"

"Niko sure."

"Unaona!" Dunstan aliunguruma. "Ijumaa mimi nilikuwa kazini. Alijua!"

Saa ya ukutani ilionyesha nane na dakika ishirini. Sikujua alivuta kiti, akakaa mbele ya Chepkoech, na sauti yake ikashuka.

"Kila Ijumaa, saa saba mchana, Vuai yuko msikitini Alexandria. Si kusali tu. Yeye ndiye anayeadhini. Fatma amenithibitishia kuwa siku ile aliadhini kama kawaida, na msikiti mzima ulimsikia. Na Jumanne ana intavyuu ya makaratasi; akiandikwa polisi leo, watamrudisha kwao."

Chepkoech alimhamishia mtoto titi la pili.

"Labda nimekosea siku," alisema.

"Hapana, siku hukukosea. Hapo ndipo penye shida. Asubuhi Dunstan hakujua siku. Mimi sikuijua mpaka nusu saa iliyopita. Peterson aliuona moshi wa mizinga siku hiyo, saa hiyo, na hakumwambia mtu. Lakini wewe umeitaja siku yenyewe na saa yenyewe."

"Dada, unamshtaki mke wangu?" Dunstan aliuliza, na mkono wake ukashika fremu ya mlango.

"Aliyekata anajua asali kuliko sisi sote humu ndani. Aliacha vidole viwili juu ya kila fremu ili nyuki wajenge tena. Huyo anatoka mahali ambapo mvua ikinyesha kidogo, maua yanarudi. Hajawahi kuishi Desemba ya Maryland." Sikujua alimtazama Chepkoech. "Mama yako aliondoka siku mbili baadaye. Alikuwa na mizigo mingapi?"

Jibu halikutoka kwa Chepkoech. Lilitoka mlangoni, taratibu.

"Masanduku mawili," Dunstan alisema. "Niliyabeba mwenyewe. Nikamwambia, Mama, umebeba mawe? Akacheka."

Chepkoech aliangua kilio, na mtoto naye akaanza.

"Ilikuwa ya harusi ya mdogo wangu! Pombe ya asali ya wazee. Kogo, mama yangu, alisema atapeleka asali ya mkwe wake kutoka Amerika, kijiji kizima kijue amemwoza binti yake kwa mtu wa maana. Alijifunika shuka, akawasha gunia. Mzinga wa nne ulikuwa mkali, ukamfukuza. Mimi nilishika ndoo. Nikamwuliza, na nyuki je? Akaniambia wataijaza kabla ya Krismasi, hata kwetu ni hivyo. Ningejuaje? Mimi si wa klabu!"

"Na Januari, nilipokuwa nikisema hawaruki?" Dunstan aliuliza.

"Januari nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningekuambia nini? Kwamba mama yangu ameingia kwenye mali ya mkwe wake kama mwizi? Wewe hata kumtazama usoni huwezi kwa heshima. Leo uliposhika simu, jina la Vuai likanitoka tu. Mlikuwa mmegombana. Nilidhani mtazozana yaishe. Sikufikiri utaita polisi. Habari ya Jumanne sikuwa nayo."

Dunstan alijifuta uso kwa mikono yote miwili. Sikujua alitegemea kelele, lakini aliona aibu, na aibu ile ilikuwa mbaya zaidi kuitazama. Mwanamume huyu alikuwa tayari kumpeleka rafiki yake kwenye ndege ya kurudishwa kwao kwa ajili ya asali aliyoibeba kwa mikono yake mwenyewe mpaka uwanjani.

Saa nane na dakika arobaini Dunstan alipiga simu polisi. Alisema hapakuwa na wizi, mama mkwe wake ndiye aliyechukua, samahani kwa usumbufu. Walimuuliza mara mbili kama alitaka kutaja jina la mtu. Akasema hapana.

Aliweka simu chini. Chepkoech alimpa Sikujua mtoto, akaichukua simu, akabonyeza namba za Vuai mwenyewe.

"Vuai, ni Chepkoech. Nilisema uongo. Sikukuona. Ni mimi na mama yangu. Polisi hawaji tena." Alisikiliza. "Ndiyo, yuko hapa."

Dunstan alipokea. Kabla hajafungua kinywa, jikoni pale wote waliisikia sauti ya Vuai, ndogo na iliyochoka, ikitoka kwenye simu.

"Dunstan, mie leo siwezi kusema nawe. Watoto wangu wamekaa juu ya mabegi tangu saa sita, nimewambia tunakimbilia Ohio, na mdogo hataki kuvua koti. Wacha niende nikamvue. Jumanne nikitoka salama, nipigie."

"Nitakupigia," Dunstan alisema, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.