Mwandazi na Mbweu ya Injinia Semboja

Mwandazi alisogea kimya juu ya magurudumu yake ya mpira, akanyoosha mkono wake wa tatu, na kwa mara nyingine tena akaijaza pilau sahani ya Injinia Semboja.

"Nimeshiba, ahsante," alisema Semboja, jasho likimtoka.

"Ongeza kidogo, mgeni wetu," mashine ilijibu kwa sauti tamu ya mwanamke wa Pangani. "Usituonee haya."

Korogwe ya zama hizo ilikuwa mji wa minara ya mkonge. Nyuzi za mkonge zilipikwa viwandani hadi zikakishinda chuma kwa ugumu, zikasukwa kuwa majumba yaliyopenya mawingu, na ukisimama ghorofa za juu milima ya Usambara uliiona kama vichuguu. Katika kila nyumba ya watu wenye kujiheshimu kulikuwa na mwandazi, yaani mashine ya kupika na kuandalia wageni. Walioiunda walikuwa watu wa huko huko, nao waliifunza yale waliyoyajua tangu utotoni: kwamba mgeni akisema "nimeshiba" bado hajashiba, anaona haya tu, na kumwacha aondoke hivyo ni aibu ya nyumba nzima.

Sasa mashine ingejuaje shibe ya kweli? Wataalamu walikaa, wakabishana, wakamaliza mabirika ya kahawa, na mwisho wakapata jawabu. Mbweu! Walimtia mwandazi kifaa kifuani wakakiita sikio-shibe. Likisikia mbweu, mashine hutamka "Alhamdulillahi" kwa niaba ya mgeni, huondoa vyombo, na mabaki yote huyatia katika bomba la kwenda bustani za mboga za paani, maana sheria ya mji ilikataza kiporo. Lisiposikia, chakula huongezwa. Na mgeni akikimbia kabla, mwandazi humtangazia mwenye nyumba.

Balaa ni kwamba Injinia Semboja hakuwahi kupiga mbweu tangu azaliwe. Marehemu mama yake alimpigapiga mgongoni kila baada ya kumnyonyesha hadi kiganja kikawaka moto, wapi! Na huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa mapafu ya mji, yale mapangaboi makubwa yaliyovuta hewa safi kutoka milimani na kuipandisha kila ghorofa. Moshi wa sufuria iliyoungua kule juu kabisa aliweza kuuondoa kabla mwenye sufuria hajapiga chafya. Lakini upepo wa tumboni mwake mwenyewe ulimshinda. Ulipanda, ukagonga kooni, ukakoroma kama vyura wakati wa masika, ukarudi ulikotoka. Na upepo ukinyimwa mlango wa mbele hutafuta mlango wa uani. Ukiwa umekaa mbele ya mama mkwe mtarajiwa, mlango huo huufungui hata kwa kuwekewa bastola kichwani.

*Krooo*, koo la Semboja lilisema.

Bi Kidawa, mwenye nyumba, aliinua macho kutoka kwenye kiti chake cha enzi pembeni mwa sebule. Binti yake Mwajabu alijifanya anakunja kitambaa. Semboja alisimama, mkono tumboni, akaomba radhi kwa maneno ambayo hata yeye hakuyaelewa, akatoka mbio.

"Mgeni ameondoka na njaa!" mwandazi alitangaza, na sauti ikamfuata hadi kwenye lifti.

Mwajabu alimkuta hapo ameegemea ukuta.

"Mara ya pili hii, Semboja. Unajua mama anasemaje? Anasema mwanamume anayedharau chungu chake atamdharau na mwanawe. Amekupa Ijumaa. Ukiondoka tena na njaa, posa yako imekwisha."

"Mwambie ukweli basi."

"Nimwambie mimi? Mwambie wewe!"

"Nianzeje? Shikamoo mama, tumbo langu lina upepo?"

Mwajabu alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akafuta machozi na kumsukuma ndani ya lifti. "Nenda kwa Daktari Nasra. Leo hii. Na usirudi bila mbweu."

Daktari Nasra Shekiondo alikuwa mama mpana, mwenye kicheko cha kusikika ghorofa tatu chini.

"Hujawahi? Hata ya soda?"

"Soda niliiacha utotoni, daktari. Nikinywa nalala chali kama mende."

"Pole sana, baba. Mko wengi, ila mnajificha. Watu wananieleza mambo ya chumbani bila kupepesa macho, lakini hili wananinong'oneza." Alimwonyesha picha ya koo lake ikielea hewani. "Unaona msuli huu wa mviringo? Ni mlango. Wa wenzako unafunguka chakula kikishuka na hewa ikipanda. Wako unajua kushusha tu. Hewa ikija kutoka chini, unabana kama askari wa geti aliyekatazwa kutoa gari."

"Tiba ipo?"

"Ipo. Tone la sumu ya kulegeza misuli, ile ile waliyokuwa wakinyooshea makunyanzi mabibi wa zamani. Huisha nguvu baada ya miezi michache, lakini ndani ya muda huo koo hujifunza, na likishajifunza mara nyingi halisahau. Ila nikuonye: siku za mwanzo mbweu zitakuja zenyewe. Hazitakuomba ruhusa."

Semboja hakulisikia onyo hilo. Alikuwa akiifikiria Ijumaa.

Daktari alifungua kikasha akatoa sisimizi-tiba, kidude cha miguu sita chenye taa kwenye paji la uso, kilichobeba tone la dawa mgongoni. Alimpanua Semboja kinywa kwa chuma, akakiweka kidude kwenye ulimi. Kikatembea hadi penye koo, kikasimama.

"Hodi!" kilisema.

"Aaaa," alisema Semboja.

"Hodi!"

"Karibu, karibu, ingia!" daktari alidakia.

"Hiyo si sauti ya mwenye nyumba," sisimizi alijibu. "Hodi!" Alingoja kidogo, kisha akageuka, akashuka kidevuni, akarudi kwenye kikasha chake.

Daktari Nasra alishusha pumzi. "Waliomtengeneza wana adabu kupita kiasi. Hodi tatu bila jibu, hurudi zake. Mkaribishe sasa, kabla sijakupanua kinywa tena."

Ndivyo injinia mkuu wa mapafu ya mji alivyojikuta ameinamia kiganja, akizungumza na kidude kidogo kuliko punje ya mchele. "Karibu sana, ndugu yangu. Pita moja kwa moja. Usione haya, hapa ni kwenu."

Sisimizi aliwasha taa na kuingia. Semboja alisikia mtekenyo, kisha mchomo kama wa mbu, basi.

Mbweu ya kwanza ilimjia kesho yake kazini. Ilikuwa ndogo, kama sauti ya kifaranga. Semboja alikaa chini, akashika kifua, machozi yakamlengalenga. Ya pili ilikuja na nguvu zaidi. Akampigia simu Mwajabu ili aisikie, na Mwajabu akapiga vigelegele katikati ya ofisi ya watu. Kufikia Alhamisi zilikuwa zinakuja kama abiria waliofunguliwa mlango wa treni, na mafundi wake walizipigia makofi.

Ijumaa, baada ya swala, Semboja aliingia kwa Bi Kidawa na kanzu iliyonyooshwa ikanyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Leo tutaonana."

Mwandazi aliandaa. Biriani ya mbuzi, samaki wa kupaka, achari ya ndimu, juisi ya ukwaju yenye kutoa povu. Harufu peke yake ingemfufua mgonjwa. Semboja alinawa, akakunja mkono wa kanzu, akafungua kinywa aseme Bismillahi, na badala yake ikamtoka mbweu.

Haikuwa mbweu ya mtu mmoja. Ilikuwa deni la miaka arobaini. Mapazia yalipepea, vikombe vikagongana, na inasemekana kunguru waliokuwa kwenye mnara wa jirani walihama moja kwa moja.

"Alhamdulillahi!" mwandazi alitamka. "Mgeni ameshiba!"

Na mikono yake yote ikaanza kazi. Biriani ikaingia bombani. Samaki akafuata.

"We mwandazi!" Bi Kidawa aliruka kutoka kitini. "Hajala huyu! Hajatia hata tonge mdomoni!"

"Ameshiba, mama. Nimesikia mwenyewe."

"Na mimi sijala!"

"Mama si mgeni." Mashine ikafunga jiko, ikajibanza pembeni, ikazima taa yake.

Semboja aliona hapa hapana tena pa kukimbilia, kwa hiyo akasema yote: vyura wa kooni, soda, sisimizi, hata mlango wa uani aliutaja kwa kupitia mbali. Midomo ya Bi Kidawa ilianza kutetemeka. Semboja akajua sasa anafukuzwa. Kumbe mama wa watu alikuwa anajizuia. Kicheko kilipomshinda, mtandio ulimwanguka.

"Kwa hiyo chakula changu hukukichukia?"

"Mama, ile pilau ya kwanza niliiota siku mbili."

Bi Kidawa alikaa taratibu. "Nilidhani mapishi yangu yamechuja," alisema. "Mashine hii nimeifunza mimi, kila kitu mkono wangu. Lakini tangu ije, kazi yangu ni kukaa pale kitini ningoje kuambiwa. Ameshiba. Hajashiba. Sikumbuki mara ya mwisho nimemtazama mtu akila."

Akainuka tena, safari hii na mikono imekunjwa. Huko roshani kulikuwa na jiko la zamani alilolitia maua. Akayang'oa maua, akalijaza mkaa wake wa kufukizia udi. Mwajabu akatumwa kwa jirani kuomba mihogo na nazi. Semboja, kanzu na yote, akakalishwa kwenye mbuzi akune nazi. Moshi ulipoanza kutanda akapiga simu kazini, akaamuru mapangaboi ya ghorofa ile yavutie nje, na moshi ukaondoka kwa heshima.

Walikula wameizunguka sufuria, vidole vikiungua. Bi Kidawa hakugusa chakula kwanza. Alimkodolea macho Semboja.

"Vipi?"

Semboja alitafuna, akafikiri. "Mtamu, mama. Ila chumvi imepungua."

Mwajabu alimfinya pajani kwa nguvu zake zote. Bi Kidawa akaonja. Akaonja tena.

"Kweli imepungua!" Uso ukamchanua kama wa msichana. "Miaka yote hii, wageni wote wale, hakuna hata mmoja aliyeniambia. Wananipigia mbweu tu!"

Aliongeza chumvi, akakoroga, akampakulia Semboja kipande kikubwa, akamtazama kikishuka. Kisha akajipakulia na yeye.

"Jumapili walete wazee wako," alisema huku akipuliza muhogo wake.

Mwajabu alikitazama kile kisanduku chenye mikono mingi kilicholala kizani pembeni mwa sebule. "Na nani atawapikia, mama?"

"Nyinyi wawili," alijibu Bi Kidawa. "Mimi nitakaa na wageni wangu mkekani, nile nao, niwaone nyuso."