Nilichezea Taa za Butembo Nikiwa Beni

"Éliakim! Banataka kumuchoma Papa Josaphat!"

Dada yangu Kavuo alikuwa analia kwenye simu. Nyuma yake nilisikia filimbi na sufuria zikigongwa.

Mimi nilikuwa Beni, kwenye internat, bweni la shule, nimejifungia chooni na simu iliyokatazwa. Nilikuwa nacheka…

Kicheko kikanikauka.

Wasomaji, natubu mbele yenu, tena kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa katika dini.

Baba mudogo Muyisa, fundi wa umeme, alipachika taa za rangi kwenye ukuta wa salle ya fête, ukumbi wa sherehe, ya Bulengera, Butembo. Taa zenyewe zinaongozwa kwa simu, kupitia internet. Hata ukiwa Kinshasa, unabonyeza, ukuta unageuka buluu!

Wakati wa likizo nilimusaidia kazi, akanipa neno la siri. Yeye alisahau kulibadilisha. Mimi sikusahau.

Basi kila Jumatano, giza likiingia, nilicheza. Nyekundu, giza. Nyekundu, giza!

Kavuo hakujua ni mimi. Alinihadithia tu habari za mlinzi wa usiku wa ile salle: "Leo tena Papa Josaphat sentinelle amekemea ukuta! Anapaza sauti, 'Mutoto mubaya, acha!' Anaona kuna pepo!"

Nilicheka mpaka machozi.

Lakini juma lile Butembo walisikia habari za waasi karibu. Vijana wa kata walikuwa kwenye ronde, wakilinda usiku. Wakaona taa zikizima na kuwaka…

"Banasema iko anaita waasi kwa taa!" Kavuo alilia. "Banamupiga, na yeye hapana sema kitu!"

"Kavuo… ni miye."

"Nini?!"

"Taa. Ni miye. Weka haut-parleur, bote basikie!"

Nikaungama mbele ya kundi zima. Sauti ya mwanaume ikanikata:

"Muongo! Mutu iko Beni atawasha taa ya Butembo namna gani?"

"Chagua rangi, mukubwa!"

"Vert! Ikikataa, tunamuchoma!"

Nikabonyeza kijani.

Hakuna kitu! Kule chooni internet inakuja na kuondoka, na sasa ilikwama. Shuleni inashika vizuri mahali pamoja tu: mbele ya bureau ya préfet Esdras, mkuu wa shule.

Nikakimbia, simu mkononi, mbele ya shule nzima.

"Éliakim! Hiyo ni nini?"

"Préfet, nihurumie dakika moja, halafu unifukuze!"

Nikabonyeza tena…

Nikarudisha simu sikioni.

Halafu Kavuo akapaza sauti: "Vert! Ukuta iko vert! Banamuachilia!"

Nilikaa chini kwenye vumbi, nikalia mbele ya wadogo wa première. Heshima yangu yote ikaishia pale.

Kesho yake Papa Josaphat akanipigia kwa simu ya préfet, akiongea kwa shida, mdomo umevimba.

"Papa, juu ya nini haukusema ni Muyisa anaongoza taa kwa simu?"

"Bangeenda kumupiga Muyisa, na yeye angetaja weye. Batu benye hasira, mutoto, hapana uliza miaka."

"Ulijua ni miye?!"

"Tangu siku ya kwanza! Niliona Muyisa anakupa neno la siri. Unazani nilikuwa nakemea ukuta? Nilikuwa nakemea weye!"

Ndugu zangu, mukishika kitu kinachofanya kazi mbali, ulizeni kwanza ni nani amesimama chini yake. Kutoka chooni Beni, mimi niliona kidude cha kubonyeza tu.

Naandika haya kwa simu ya Kavuo. Yangu iko kwa préfet. Na likizo hii yote, kila jioni, nakaa na Papa Josaphat chini ya ule ukuta.