Jiwe la Kaburi la Mzee Kemau

Siku jiwe la Mzee Kemau lilipotoweka, binti yake Senbet alifika kaburini jua likichomoza, akakuta tundu ukutani. Hapo ndipo lilipokuwa limepachikwa jiwe la chokaa lenye majina na sura za baba na mama yake, wamekaa mbele ya meza ya vyakula. Chini ya tundu paliachwa bakuli la mkate uliolowekwa kwenye pombe, sehemu laini tupu, ganda limeondolewa. Senbet alidhani ni mabaki ya mlinzi. Akalipiga teke.

Pale mjini Abdju kila mtoto anajua kwamba marehemu hula kwa jina lake. Mpita njia akilitamka, mkate humfikia. Likifutwa, anakufa mara ya pili, safari hii kwa njaa.

Alianza na mlinzi wa makaburi, Hori. Hori aliapa kwa Osiri, mungu wa wafu, kwamba hakuona mtu, na kwamba yeye alikula samaki mkavu, bakuli halijui. Senbet alimwita mwongo akaondoka.

Akaenda kwa Ipi, mchonga mawe, ambaye mji mzima ulijua kuwa husugua mawe ya makaburi yaliyosahaulika na kuyauza upya. Akamweleza alichokikuta, bakuli na yote, huku akipindua jiwe moja baada ya jingine. Ipi alikuwa ameketi anatafuna kitunguu.

"Pekua, mama, pekua. Ukimaliza unifagilie na sakafu."

"Mwizi wa maiti wewe."

"Sawa, mimi mwizi. Ila mwizi gani anamwandalia chakula anayemwibia? Mimi nikiiba, nakimbia."

Senbet akaliachia jiwe alilokuwa akilipindua. Aliyeacha bakuli alimwogopa marehemu, akamtaka radhi. Na alimjua. Miaka yake ya mwisho Mzee Kemau hakuwa na jino hata moja. Mkate wake ulikatwa ganda na kulowekwa. Kati ya waliomlisha, waliobaki hai walikuwa wawili tu: Senbet, na Resneb, mdogo wake wa baba mmoja.

Alimkuta Resneb uani kwake, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, jiwe limelazwa juu ya mkeka. Sura ya baba ilikuwa nzima. Ya mama yake Senbet ilikuwa imechimbwa, pamoja na jina.

"Umemuua mama yangu," Senbet alisema.

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

"Mama yangu ndiye aliyemuuguza mzee mpaka mwisho. Amelala mchangani bila hata kigae chenye jina lake. Nilimwomba baba angali hai amchonge naye, akasema jiwe limejaa. Nikakuomba wewe, ukacheka."

"Ungemchongea lake."

"Kwenye hilo lake baba asingekuwemo. Nilitaka akae na mumewe."

"Kwenye kiti cha mama yangu!"

Akamnyang'anya patasi, akapaza sauti hadi majirani wakajaa uani.

Baraza la mji liliamuru Resneb achapwe bakora, kisha alibebe jiwe mwenyewe mpaka kaburini. Ipi aliitwa kulitazama. Alisema shimo limeingia ndani mno. Ukichonga tena, jiwe litapasuka.

Sasa jiwe liko ukutani. Mzee Kemau amekaa mezani, na shimo pembeni yake. Kila asubuhi Senbet husimama upande mmoja akilitamka jina la mama yake, na Resneb upande wa pili akilitamka la mama yake. Hawasalimiani.