Kiboksi cha Kijani kwenye Kiti cha Nne

Kile kiboksi cha kijani kinachotafuta sura ndani ya kamera kilikataa kukaa kwenye uso wa mtoto. Kiliruka, kikapita juu ya meza, kikatua kwenye kiti cha nne kisicho na mwenyewe, pale ambapo pangekuwa na kichwa kama mtu mzima angekuwa amekaa. Fundi cherehani akaishusha kamera, akakikagua kiti. Kitupu. Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyenunua kitu juzi na hataki kuambiwa kina kasoro.

Maana alishaambiwa mengi. Picha zilikuwa burudani yake baada ya cherehani, na kamera yake kuukuu, jua likizama tu, ilitoa picha zenye chenga kama mchele usiopepetwa. Roho ilitaka kubwa, mfuko ukasema hauna. Mpiga picha wa studio ya jirani alimshauri, "Kamera haina kosa, bwana. Tafuta lenzi nzuri, utulie." Mkewe naye akashauri bure kabisa: "Si uwashe taa tu?" Fundi hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alikwenda duka la vitu vilivyotumika.

"Nataka inayoona gizani," alisema.

Muuzaji alitoa moja chini ya kaunta, bei ya kutupa, akaifuta kwa kitambaa bila kuielekeza kwa mtu yeyote. "Hii inaona hata usichokiona wewe."

Fundi alidhani ni maneno ya biashara. Rahisi ghali, lakini nani hulikumbuka hilo akiwa ameshashika kitu mkononi?

Na kweli iliona. Kila jioni alimfuata binti yake, Kidosho, chumba hadi chumba, jicho limegandishwa kwenye kamera. Alimpenda kupita kiasi, maana alikuwa mtoto wa kungojewa, wa pekee. Lakini picha baada ya picha uso wa Kidosho ulipauka kama shati lililofuliwa mno, na nyuma yake, juu ya kiti cha nne, palikuwa na bega. Picha iliyofuata, bega na shingo. Harufu ya udongo mbichi ikaingia sebuleni na haikutoka hata madirisha yalipofunguliwa, na kamera, imezimwa, betri imetolewa, ikaanza kulia ndani ya begi, zzz, zzz, lenzi ikienda mbele na nyuma.

Mchana mmoja mkewe alipakua chakula. Sahani ya mume, sahani yake, na ya tatu akaiweka mbele ya kiti cha nne. Kidosho alikuwa amekaa palepale pake, mikono mezani, akisubiri.

"Na mtoto je?" fundi alinong'ona.

"Mtoto gani?"

Kisha akili ikamrudia, akajishika kichwa. "Baba Kidosho, nimemsahau! Mwanangu wa kumzaa mwenyewe!"

"Sema polepole."

"Kwa nini?"

"Kinatusikiliza."

Kuanzia hapo fundi hakuwa na raha, kwani mwalimu aliita majina akaliruka la Kidosho, jirani akamfungia mlango usoni bila kujua kuna mtu, na yeye mwenyewe, baba mzazi, aliamka asubuhi moja akamkuta mtoto amesimama kando ya kitanda akimtazama, na ikambidi afikiri kwanza huyu ni nani, na alipokumbuka alilia mpaka sauti ikakauka.

Bibi mganga waliyemwita alipofika alinusa tu. "Hiki hakina uso," alisema. "Kilihitaji wa kukitafutia, ukakitafutia wewe. Hebu niambie, tangu lini hujamtazama mwanao kwa macho yako matupu?"

Fundi akaitoa kamera kwenye begi.

"Kaa mbele yake sasa, umtazame. Kitakapoanza kulia usikijibu. Na usikiahidi kitu, hata kwa kunong'ona."

Waliiweka kamera mkekani, mapazia yakafungwa, mganga akaanza kusoma na mama akawa analiita jina la mwanawe bila kupumzika, na lenzi ikalia zzz, zzz, kwa kasi, na harufu ya udongo ikajaa puani hadi kooni, na fundi akakodoa macho yakamchoma lakini kadiri alivyomtazama Kidosho ndivyo Kidosho alivyozidi kufifia, mpaka akauona ukuta kupitia shavu la mtoto, na pale baba alishindwa.

"Chukua uso wangu," alinong'ona, chini sana, hata mganga hakusikia.

Lenzi ikanyamaza. Harufu ikakatika. Kidosho akapiga chafya, mashavu yamejaa rangi.

"Mama, nina njaa."

Mganga aliifunga kamera kwenye kitambaa. "Kimetoka," alisema. Akamuaga mama, akamuaga mtoto, akaenda zake nayo.

Fundi akakaa kwenye kiti chake akilia kwa furaha. Mkewe alikuja na sahani. Moja ya Kidosho. Moja yake. Ya tatu ikampita.

"Mama Kidosho," aliita.

Mkewe alikuwa anafuta meza. Kitambaa kilipita juu ya mkono wa fundi bila kusita.

"Kidosho! Mwanangu, nitazame!"

Mtoto alijaza kikombe maji, akatabasamu, akakinyoosha kuelekea kiti cha nne.

"Baba, shika."

Na kikombe kikapokelewa.